Pindo la kitambaa cha meza: kwa wewe unayeanza kushona vya ukumbini

Mdogo wangu, siku utakayopata oda ya kwanza ya vitambaa vya meza kutoka kwa mpambaji, usiione nyepesi kwa sababu haina mkono wala kola. Gauni la sendoff huvaliwa siku moja likatundikwa kabatini. Kitambaa cha meza cha kukodisha kinamwagikiwa mchuzi Jumamosi, Jumapili kinalowekwa, kinafikichwa na kukamuliwa, na Ijumaa kinatakiwa kiwe kimepigwa pasi, kinapakiwa kwenda Tukuyu au Tunduma. Ukichagua mshono, fikiria beseni kwanza, ukumbi baadaye.

Mimi nilianzia kwenye kibanda jirani na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Oda yangu kubwa ya kwanza ilikuwa vitambaa 12 vya meza za duara, satini nyeupe. Nikavipinda sentimita 2 kuzunguka, kama nilivyozoea kupinda sketi. Mezani kwangu vilipendeza. Vilipotandikwa ukumbini, pindo lilijisokota, huku limejikunja, kule limesimama. Mama mpambaji hakunifokea. Alinishika mkono akanipeleka kwenye meza ya karibu, akasema, "Mwanangu, hebu pitisha vidole hapa." Nikavipitisha. Nilihisi vijikunjo chini ya uzi, kimoja baada ya kingine, mpaka nikamaliza mzunguko. Nilivifumua vyote 12, na machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Kosa lilikuwa la hesabu. Ukingo wa duara ni mrefu kuliko mstari wa ndani unapolala ukishapindwa. Ukipinda sentimita 2, ncha inakwenda kulala kwenye mduara mfupi kwa karibu sentimita 25. Hizo 25 haziyeyuki, zinageuka mikunjo. Ukipinda nusu sentimita, ziada ni kama sentimita 6 tu, na kwa kitambaa kinachofika chini kwenye meza ya futi 6, zinagawanyika kwenye pindo la mita 10 na zaidi. Jicho halizioni.

Pindo hilo jembamba linashoneka hata kwa cherehani ya kukanyaga, umeme ukiwa umekatika. Piga mshono mmoja kuzunguka, nusu sentimita kutoka kwenye ncha. Huo ndio utakuongoza. Kunja kitambaa juu ya mshono huo, uzi uchungulie kidogo upande wa ndani, kisha shona karibu kabisa na mkunjo. Sasa chukua mkasi mdogo wenye makali, ukate ncha iliyobaki ukiegemea uzi bila kuugusa. Hapa usiwe na haraka, maana mkasi ukiteleza mara moja umetoboa kitambaa cha mtu. Kunja tena mara moja, ncha ifichwe yote, ushone juu ya mstari uleule. Ni mizunguko mitatu, ndiyo. Lakini hakuna uzi utakaochomoka hata kikifuliwa wiki baada ya wiki.

Ukiwa na ovaloki, ile cherehani ya kufunga ncha za kitambaa kwa uzi, inayoviringisha pindo, kazi inakwisha haraka na kwa satini inapendeza sana. Ninayoikataa ni ovaloki ya kawaida iliyoachwa wazi kwenye kitambaa cha kukodisha. Uzi mmoja ukikatika, ukingo unaanza kuachia.

Jambo lingine la duara: kuna sehemu nne ambako mkasi unapita mshazari, na mshazari unavutika. Usiuvute kwa mkono wa nyuma ili cherehani ikimbie. Acha meno ya cherehani yaliyo chini ya kitambaa yapeleke yenyewe, wewe ongoza tu. Kwa satini nyepesi sindano namba 11 inatosha. Ya 14 iache kwa vitambaa vizito.

Vya mstatili vina raha yake. Hapo pinda pana, hata sentimita 2 na nusu, uzito wa pindo ukivute kitambaa kikae chini. Shida iko kwenye kona tu: zikirundikana tabaka, pasi haikai na sindano inavunjika. Kunja kona kimshazari, punguza kilichozidi ndani, ndipo upinde pande mbili zikutane.

Sasa kuunganisha, maana hapa ndipo wengi wanakula hasara. Kitambaa cha upana wa inchi 60 hakitoshi duara peke yake. Usiunganishe katikati, mshono ukapita chini ya keki. Weka upana mzima katikati, vipande vya kuongezea vikae pembeni, mshono uangukie karibu na ukingo wa meza. Kwa meza ya futi 5, urefu wa kipenyo cha kitambaa mara mbili unatosha: mmoja unabaki mzima, wa pili unaupasua kwa urefu, nusu huku nusu huku, na kitambaa kitaishia juu kidogo ya sakafu, ambapo viatu havikikanyagi. Kwa meza ya futi 6 hesabu hiyo inavunjika. Kitambaa kinahitaji kipenyo cha inchi 132, na kila kipande cha pembeni kinataka upana wa zaidi ya inchi 36, kwa hiyo upana mmoja hautoi viwili. Utanunua karibu mita 9 na nusu kwa kitambaa kimoja. Ukimtajia mteja bei kwa hesabu ya futi 5, tofauti utailipa wewe.

Mshono wa kuunganisha ufiche ncha zake. Shona kwanza mgongo kwa mgongo, punguza ncha, geuza, ushone tena uso kwa uso ili ncha zibaki ndani.

Kama ni pamba, ifue kabla ya kukata, maana itaruka, yaani itasinyaa. Na kitambaa cha kwanza ukishakimaliza, kiloweke, kikamue, kianike. Juni na Julai kwa baridi yetu, au ukungu wa masika, kinaweza kuchukua siku mbili kukauka, nawe uvumilie. Kipige pasi, kitandike mezani, upitishe vidole kuzunguka pindo. Ndipo uanze kukata cha pili.