Dereva anasoma herufi zote ukutani, lakini bodaboda zinamtokea ghafla kushoto

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa Coaster, ruti ya Arusha na Moshi, nina miaka 46. Hivi karibuni walikuja wapimaji wa bure stendi. Nikasoma herufi mpaka mstari wa chini, wakasema macho mazima, ni umri tu, wakanipa miwani ya kusomea. Kinachonisumbua ni kwamba bodaboda na waenda kwa miguu wa upande wa kushoto wananitokea ghafla, mpaka konda anishtue. Mzee wetu kule Machame ana presha ya macho, jicho moja limeshakufa na la pili linaona kidogo. Mimi presha nimepima, iko sawa. Vumbi linaniwasha sana macho, kuna matone nanunua duka la dawa, huu mwaka wa pili, yananisaidia mno. Je, nipime tena? Naweza kutumia matone ya mzee kujikinga? Miwani ya kusomea na ile ya njano ya usiku haziharibu macho? Na wadogo zangu wawili niwaambie nini?

JIBU

Kaka, pole na barabara. Naanza na hiyo chupa ya matone, maana ndiyo iliyonishtua kuliko yote uliyoandika.

Itoe kwenye dashibodi usome lebo. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni (itakuwa kwa Kiingereza, ila ukilitamka jina utalitambua), hiyo ni steroidi. Mara nyingi huchanganywa na antibaotiki, neomaisini kwa mfano, ndiyo maana watu wanaichukulia kuwa dawa ya macho ya kila kitu. Ni dawa nzuri ikisimamiwa. Inaondoa muwasho na wekundu haraka mno, na hilo ndilo linalomfanya mtu arudi dukani kila chupa inapokwisha. Ikitumika kwa wiki nyingi, kwa baadhi ya watu inapandisha presha ndani ya jicho, na ikiendelea zaidi inaleta mtoto wa jicho kabla ya wakati wake. Walio hatarini zaidi ni wale ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja ana presha ya macho. Wewe, kaka, una mzazi na una chupa. Halafu presha ikipanda namna hii haiumi wala haikwaruzi. Jicho linakuwa jeupe, zuri, na unaona dawa inafanya kazi.

Kwa hiyo usinunue nyingine. Nenda kapimwe wiki hii na chupa ukiwa nayo mkononi, useme ukweli kwamba ni mwaka wa pili. Wengine hufika kwetu na kuficha matone kwa kuogopa kusemwa, tukapoteza muda kutafuta sababu iliyokuwa mfukoni.

Kwa muwasho wenyewe, osha uso kwa maji safi ukifika mwisho wa safari, weka kitambaa cha maji baridi juu ya kope ulizofumba, tumia machozi ya bandia. Yapo pia matone ya aleji yasiyo na steroidi, anayekupima atakuchagulia. Na acha kusugua. Najua kuanzia Boma Ng'ombe kiangazi vumbi ni la kwake, lakini kusugua kunaongeza muwasho badala ya kuupunguza.

Sasa herufi. Ule ubao ulitungwa na Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, mwaka 1862, na mpaka leo kazi yetu inaanzia hapo. Ukiandikiwa 6/6 maana yake ukiwa mita 6 unasoma kile ambacho jicho lenye uoni wa kawaida linasoma kutoka mita 6. Waliokupima hawakukudanganya. Ila ubao unapima kile kipande kidogo cha katikati unachokielekeza kwenye herufi, basi. Haujui lolote kuhusu pembeni. Na presha ya macho, ambayo kitaalamu ni glaukoma, kwa kawaida inaanza kula pembeni, katikati inakuwa ya mwisho. Mtu anaweza kusoma mstari wa chini kabisa huku ameshapoteza sehemu kubwa ya mshipa wa fahamu wa jicho.

Mbona hajui? Kwanza ana macho mawili, pengo la hili linafunikwa na lile. Pili, sehemu iliyokufa haionekani nyeusi. Ubongo unaijaza, mtu anaona barabara iko tupu, mara bodaboda hiyo hapo. Ulivyoeleza wewe ndivyo wagonjwa wetu wengi wanavyoeleza, ingawa wao husema wanagonga milango au wanakanyaga kuku.

Sisemi kwamba unayo. Huenda ni nguzo ya kushoto ya gari pamoja na vibandiko na pazia mlivyojaza kwenye kioo cha mbele, ambavyo ningekuomba uvibandue leo hii. Lakini unaweza kujijaribu gari likiwa limezimwa. Kaa uso kwa uso na konda, umbali wa mita moja hivi. Funika jicho lako la kulia, naye afunike lake la kushoto, kila mmoja atazame jicho la mwenzake lililo wazi. Akiwa amenyoosha mkono pembeni, katikati yenu, asogeze kidole taratibu kuja ndani, useme unapokiona. Afanye hivyo juu, chini, kulia na kushoto, kisha mbadilishe macho. Mnatakiwa mkione karibu wakati mmoja. Yeye akikiona mapema kuliko wewe, egesha. Najua hesabu ya tajiri ya kila jioni haisubiri, ila usipakie abiria mpaka upimwe kwa mashine. Ukifaulu usishangilie pia, jaribio hili linakamata pengo kubwa tu.

Kuhusu presha uliyopima, ile ya kufungwa mkononi ni ya damu, haisemi chochote kuhusu jicho. Ndani ya jicho kuna majimaji yanayotengenezwa muda wote na kutoka kupitia kichujio chembamba kilicho kwenye pembe, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na duara lenye rangi. Fikiria bomba lililo wazi juu ya karo ambalo tundu lake limeanza kuziba. Maji yanajaa, na kwa kuwa jicho halina pa kumwagia, mgandamizo unaishia kwenye mshipa wa nyuma. Na mshipa huo ukishakufa hauoti tena. Tofauti na mtoto wa jicho, ambao ukitolewa mtu anaona, hapa tunalinda kilichobaki.

Kipimo kamili kikoje? Anza kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, Mawenzi au Mount Meru, kutegemea umelala upande gani. Wakiona haja watakupa rufaa ya KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyoko Moshi. Utasoma herufi tena, jicho moja moja. Kisha utatiwa tone la ganzi na rangi ya njano, uegemeze kidevu kwenye mashine, na kifaa kidogo chenye mwanga wa bluu kisogezwe mpaka kiguse jicho bila wewe kuhisi. Mpimaji anaona nusu duara mbili za kijani, anazungusha gurudumu mpaka kingo zao za ndani zikutane, anasoma namba. Kliniki nyingine zina mashine ya kupuliza hewa, nyingine kijisindano laini kinachogonga na kuruka. Namba ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Lakini namba moja haimalizi kesi. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na wapo wenye 17 ambao mshipa wao unakufa, kama wapo wenye 24 walio salama.

Ndiyo maana usikubali kuondoka kabla mtu hajaangalia nyuma ya jicho. Kwa hilo utatiwa matone ya kupanua mboni, usubiri nusu saa hivi. Anatazama pale mshipa unapoingia. Katikati pana shimo dogo tunaloliita kikombe, na presha inavyoua nyuzi ndivyo kikombe kinavyopanuka. Ataandika ukubwa wake kama sehemu ya kichwa chote cha mshipa: 0.3, 0.5, 0.8. Ikiwa kubwa, au jicho moja likipishana sana na jingine, utapelekwa kwenye kipimo cha uwanja wa kuona: unatazama nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila taa ndogo inapowaka pembeni. Kinachosha, watu wanasinzia, jitahidi. Wewe omba kipimo hicho hata usipoambiwa, ueleze habari ya bodaboda za kushoto.

Siku hiyo usishike usukani. Mboni zikipanuliwa mwanga unachoma na vitu vya karibu havionekani vizuri kwa saa 4 mpaka 6, wakati mwingine zaidi. Panda gari la mwenzako. Na kabla hujaondoka omba uandikiwe presha ya kulia na kushoto, saa uliyopimwa, na ukubwa wa kikombe. Mwaka kesho namba hizo zitakuwa na thamani kuliko maneno “macho mazima”.

Ikikutwa, kuna matone, kuna leza, kuna upasuaji. Hapa KCMC kulifanyika utafiti uliochapishwa 2021, ukilinganisha leza iitwayo SLT na matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone kwa asilimia 31. Mimi sikushangaa. Matone ni ya kila siku maisha yote, na mtu asiyeumwa popote huchoka kuyaweka. Kwa mtu wa safari kama wewe ningeuliza habari ya leza mapema, ingawa wapo ambao haiwatoshi.

Matone ya mzee, hapana. Kwanza utampunguzia, naye jicho lililobaki analihitaji. Pili, hujui kama unayahitaji, na ukiyatumia kabla ya kupimwa yatashusha namba na kumdanganya mpimaji. Tatu, ikiwa ni timololi na wewe una pumu au moyo wako unapiga polepole, tone hilo linaingia kwenye damu na linaweza kukubana kifua vibaya. Ila msaidie mzee kwenye kuyaweka: tone moja, afumbe jicho, abonye kona ya karibu na pua kwa dakika moja au mbili, na kama ana aina mbili asubiri dakika 5 katikati.

Miwani ya kusomea haiharibu macho. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani inakuwa ngumu, haijikunji vizuri kwa vitu vya karibu, na hilo litakuja uvae usivae. Ivae kwenye tiketi na simu, uivue unapoendesha kwa sababu vitu vya mbali itavitia ukungu. Ubaya wa miwani hiyo ni mmoja: mtu akishasoma gazeti anaona habari ya macho imekwisha.

Ya njano ya usiku, okoa hela yako. Inapunguza mwanga wakati ambao mwanga ni mchache tayari. Mng'ao wa taa za malori utapungua ukisafisha kioo cha mbele, ndani na nje, na kukibadilisha kama wipa zimekichora. Mchana ni habari nyingine. Asubuhi ukitoka Arusha jua liko usoni, jioni ukirudi liko usoni tena, na miale hiyo pamoja na vumbi ndiyo huotesha kile kinyama cheupe kinachotambaa kutoka kona ya jicho. Nunua miwani ya jua iliyoandikwa UV400. Weusi wa kioo peke yake hauzuii miale.

Chakula na simu hukuuliza, ila najua konda atauliza. Mchicha, mnafu, karoti, maembe, vyote vyema, na havishushi presha ya jicho. Simu inakausha macho kwa kuwa mtu anasahau kupepesa. Sigara na kisukari vinaharibu zaidi ya simu. Mwenye kisukari apimwe nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Wadogo zako nao wapime presha ya macho na mshipa, wasisubiri dalili. Wakifikia miaka 40 iwe desturi, na kwa kuwa mzee ameathirika kiasi hicho nisingewaacha wafike huko bila kipimo cha kwanza. Wakifika dirishani wamtaje mzee kabla ya kuulizwa, na nao waseme ni matone gani wanatumia.