Shangazi, nachora usiku jikoni

Mwanangu Mama Wawili wa Mbagala,

Unaniambia unachora picha za Tingatinga jikoni usiku watoto wakishalala, mkubwa ana miaka mitatu, mdogo miezi saba. Juzi mkubwa kakutwa kashika chupa ya soda uliyotilia tapentaini ya kuyeyushia rangi, na baba yao akatamka: weka brashi chini mpaka wakue. Unauliza umtii au mgombane.

Tuanze na chupa, maana hapo nipo upande wa mumeo. Mtoto akiona chupa ya soda anaona soda. Na akija kunywa, Mungu apishe mbali, usimtapishe: ikirudi juu huingia mapafuni. Mkimbize hospitali. Rangi ya mafuta na tapentaini yake zitoke humo ndani leo hii. Kwa miaka hii michache tumia akriliki. Brashi unaosha kwa maji na sabuni, na rangi inakauka uji haujapoa. Najua wateja wako wanapenda ule mng'ao. Vanishi ya maji ipo.

Ama hilo la "mpaka wakue", silikubali. Rosemary Karuga wa Kenya alisoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza kusoma sanaa pale. Akarudi kwao, akawa mwalimu, akalea. Alipoishika tena sanaa kwa dhati ilikuwa miaka ya 1980, umri unakaribia sitini, na pesa ya rangi hana. Akakata pakiti za unga na karatasi za sabuni, akabandika, zikawa picha. Watu humtaja ili kuwatia moyo wengine. Mimi huwaza zile picha za miaka thelathini katikati, ambazo hatutaziona.

Lakini pakiti zake zichukue. Kazi ya kubandika unaiacha mtoto akilia, unairudia kesho, haijaharibika. Mkasi tu uuweke juu.

Sasa mumeo. Usimwombe "anisaidie kidogo", hilo halina saa wala siku. Mwambie: Jumamosi saa tatu mpaka saa saba, mkubwa ni wako. Kisha toka, nenda kwa shoga yako mwenye baraza, na mdogo umbebe maana bado ananyonya. Ukijifungia chumbani utaitwa uonyeshe soksi ziko wapi.

Na kuna mstari mmoja umeuandika kama jambo dogo, mwishoni kabisa: kodi ya miezi mitatu mwaka jana ilitoka kwenye picha zako. Baba watoto analijua hilo? Barua haisemi, na mimi nahisi hajui. Unachora amelala, unauza yuko kazini, pesa inaingia kimyakimya kwenye matumizi. Ataonaje kwamba ni kazi? Nunua daftari. Andika picha, bei, na pesa ilikwenda wapi. Siku ya kuiomba hiyo Jumamosi, lifungue mbele yake kabla hujasema neno.

Wako,
Shangazi