Mama wa miaka 73, binti wa miaka 17: jibu langu kuhusu tiba ya mshtuko wa umeme

Dada, umeuliza kama mama yako mwenye miaka 73 hajazeeka mno kwa tiba ya mshtuko wa umeme, na mwenzetu aliyefuata ameuliza kama bintiye wa miaka 17 si mdogo mno. Ni tiba ya kupitisha umeme kwenye ubongo ili kuleta degedege fupi linalotibu magonjwa kama sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Mimi niliipata nikiwa na miaka 36, na baadaye nikakaa nje ya mlango nikimsubiri mama yangu aliyekuwa na miaka 74. Kwa hiyo najibu kama mgonjwa na kama muuguzaji, si kama daktari.

Wengi bado wanamfikiria mgonjwa anayeshikiliwa mikono na miguu huku akirushwarushwa na degedege, kama ilivyokuwa madaktari wa Italia, Cerletti na Bini, walipoianza Roma mwaka 1938. Siku hizi mgonjwa hupewa nusu kaputi na dawa ya kulegeza misuli. Ninachokumbuka ni muuguzi akinifunga mkanda wa mashine ya presha kwenye kifundo cha mguu. Alinieleza kwamba wataujaza upepo ili dawa ya kulegeza misuli isifike kwenye unyayo, na degedege, ambalo kwa kawaida halimalizi hata dakika moja, lionekane kwenye vidole vya mguu huo tu. Nilipozinduka kichwa kilikuwa kinauma na taya limekaza, nikamwuliza wataanza saa ngapi.

Mama yangu alikuwa na sonona iliyomfikisha mahali pa kuamini kwamba utumbo wake umeoza, hivyo akakataa kula. Kwa hali ya namna hiyo wazee mara nyingi huitikia tiba hii vizuri kuliko vijana, jambo ambalo hata mimi sikulitarajia. Kilichobadilika kwa sababu ya umri ni maandalizi: moyo wake ulipimwa kwanza, presha ikadhibitiwa, na vidonge vyake vya usingizi vikapunguzwa taratibu kwa kuwa vinazuia degedege kutokea. Umeme nao uliongezwa, maana ubongo wa mzee huhitaji zaidi. Meno yake ya bandia nilikuwa nayashika mimi, ndani ya kikopo chenye kifuniko, na baada ya kikao cha nne alifumbua macho akauliza, "Meno yangu yako wapi? Nina njaa."

Kwa vijana tiba hii hutumika kwa nadra, na ni haki iwe hivyo. Wakati wangu alikuwepo kijana, pengine wa umri wa huyo binti, aliyepatwa na katatonia: hasemi, hali, na mkono wake ukiinuliwa unabaki hapo hapo hewani. Kwa hali kama hiyo kungoja kuna hatari yake. Nchini Marekani, mwaka 2018, mamlaka ya dawa iliruhusu mashine hizi zitumike kuanzia miaka 13 kwa katatonia na kwa sonona kali iliyoshindikana kwa dawa au inayohitaji nafuu ya haraka. Umeme wa kijana huwa mdogo zaidi, na madaktari hukaa macho kwa sababu degedege lake linaweza kurefuka. Ningekuwa mzazi, ningedai maoni ya daktari bingwa wa pili, na binti mwenyewe aelezwe kwa kadiri anavyoweza kuelewa.

Lenye uzito kwangu ni kumbukumbu, na hapo bado nina kinyongo. Fomu ya ridhaa nilisomewa haraka haraka kama tangazo, na hakuna aliyeniambia kwamba ningeweza kupoteza karibu miezi miwili ya maisha yangu, ambayo haijarudi. Mama alipoanza kuchanganyikiwa nililisema mapema. Wakahamisha umeme ukawa upande wa kulia wa kichwa tu, na vikao vikashuka kutoka vitatu hadi viwili kwa wiki. Hata hivyo, harusi ya mjukuu wake iliyofanyika kabla ya kulazwa anaijua kwa picha tu.

Tena tiba hii huondoa ugonjwa bila kuuzuia usirudi. Mimi niliacha dawa mwezi wa tatu baada ya tiba, na kabla ya mwezi wa tano kuisha nilikuwa wodini tena. Mama aliendelea na kikao kimoja kila mwezi kwa mwaka mzima, pamoja na vidonge. Kabla hujatia saini, mwulize daktari ni kipi kati ya hivyo anachompangia mama yako baada ya kikao cha mwisho.