Mdhamini, refa na mzee wa Tanga

Wiki yangu ya kwanza ofisi ya utumishi nilikabidhiwa mafaili matatu na agizo moja: wapigie wadhamini wa hawa. Nikaanza na mzee mmoja mstaafu, yuko Tanga. Shikamoo, marahaba, nikajitambulisha, nikamwambia nampigia kama mdhamini wa kijana fulani. Kimya. Kisha: "Mwanangu, kijana namjua, lakini nyumba ninayo hii moja tu." Akakata simu.

Mzee hakukosea. Matangazo ya ajira za serikali hutaka majina ya wadhamini, na hapo wanamaanisha referee, mtu wa kuulizwa habari za mwombaji. Mtaani, mdhamini ni yule anayekwenda polisi kumtoa ndugu kwa dhamana, anayetia saini mkopo wa Saccos, au kampuni inayolipia jezi za timu. Kote huko kuna pesa au mali inayoweza kuondoka.

Referee wa kwenye CV hadaiwi senti. Neno limetoka kwenye refer, kumpelekea mtu shauri, na refa wa mpira ni ndugu yake wa damu. Zamani Uingereza kila timu ilikuwa na mwamuzi wake uwanjani, refa akikaa nje ya mstari. Wale wawili wakishindwana ndipo shauri linapelekwa kwake. Aliingizwa uwanjani mwaka 1891. Wa kwenye CV bado yuko nje ya mstari: anaulizwa, anajibu, basi. (Vyuoni, referee ni msomi anayepima makala kabla jarida halijaichapa. Huyo hatuhusu.)

Angalieni pia reference. Kwa Mwingereza, mtu ni referee na maelezo anayoyatoa ndiyo reference. Mmarekani humwita mtu mwenyewe reference, maana referee kwake ni wa michezoni. Niliwahi kumwandikia mwombaji aliyekuwa Marekani alete references mbili, nikakaa nasubiri barua. Yeye akaleta majina mawili na namba za simu, naye akakaa anasubiri niwapigie. Wiki ikaisha hivyohivyo.

Siku hizi neno mdhamini silitumii kwenye simu. Nasema, "Fulani ametupa jina lako kama mtu anayemfahamu kikazi, nina maswali mawili matatu, hakuna cha kusaini." Kisha nauliza walifanya kazi pamoja kuanzia lini hadi lini, na kama angemchukua tena. Hilo la mwisho ndilo lenye mali. Msikilize anavyovuta pumzi kabla hajajibu. "Ah, ni kijana mzuri" si jibu, rudia swali.

Bosi wa sasa wa mwombaji msimpigie mpaka mwombaji mwenyewe aruhusu, hata kama jina lake limeandikwa kwenye CV. Wengi wanaomba kazi kimyakimya. Mimi nilipiga, na jioni ile mwombaji akanipigia analia: bosi wake alikuwa hajui lolote.