Wa Nani Huyu?

Barua za wasomaji, na majibu ya mzee wenu wa Mkomani, Lamu, aliyestaafu kutibu wanyama

Miaka yote ya kazi, swali lililonitoka mdomoni kuliko yote ni hili: wa nani huyu? Watoto watano wameleta paka ndani ya kikapu. Ukiwauliza wa nani, kila mmoja amtazama mwenzake. Punda kalala ubavu pale Mkunguni, mbele ya ngome, tumbo limemvimba, watu wamejaa kama penye harusi. Wa nani? Kimya. Hapa kwetu mnyama hutembea mitaani kama mtu, wa kumlisha anao tele, na siku ya kuumwa hana hata mmoja. Barua za mwezi huu zimenirudisha papo hapo.

*"Mzee wetu, nina paka dume wa kijivu, namwita Fedha. Ana miaka miwili kwangu. Kumbe jirani wa mlango wa mbele naye humlisha, kwake aitwa Sultani, na kote anaitika. Juzi jirani kampeleka kuhasiwa bila kuniuliza, karudi ncha ya sikio imekatwa. Nimeudhika. Paka ni wangu au si wangu?" — Mama Fedha, Langoni*

Bibi, paka huitika jina lolote lenye samaki nyuma yake, kwa hivyo hilo la jina tuliweke kando.

Jirani amekosa adabu kutokuuliza, lakini kazi aliyoifanya ni njema, na ungenijia mapema ningekwambia uifanye mwenyewe. Dume asiyehasiwa huranda usiku kucha, hunyunyiza mkojo milangoni mwa watu, na hupigana. Kidonda cha meno ya paka huziba juu kikatunga usaha ndani. Nimevipasua hivyo mpaka nikachoka. Ncha ya sikio nayo si ukatili. Hukatwa mnyama akiwa bado amelala kwa dawa, ili anayemwona mtaani ajue kwa mbali kwamba huyu amekwisha kufanyiwa, asikamatwe tena bure. Maana yake aliyemkata alimdhania hana kwao. Kosa hilo, niwie radhi, ni lako. Paka hakuwa na chochote mwilini cha kusema ana kwao.

Una picha yake? Una kadi ya chanjo yenye tarehe na jina lako? Kama huna, wewe na jirani mko sawasawa mbele ya mtu yeyote. Ukimvisha ukanda wa shingoni, tafuta ule unaofunguka wenyewe ukinasa. Niliwahi kuletewa paka aliyepitisha mkono ndani ya ukanda uliolegea, ukamla kwapani mpaka nyama ikaonekana, na nyumba nzima hawakuona. Habari ya chipu nitamweleza mtu wa Malindi hapo chini, nawe usome.

Akija mkia umesimama wima, hiyo ni salamu. Akikusugua shavu miguuni, anakupaka harufu yake, ajue kwamba wewe ni wake. Kwa hesabu ya paka, basi, nyinyi nyumba mbili mmekwisha kusajiliwa. Asiyesajiliwa ni yeye. Andikeni kadi moja yenye nambari mbili za simu, na mpatane nani humpa asubuhi na nani jioni. Dume aliyehasiwa akila vifungua kinywa viwili hunenepa, na akinenepa kisukari hakiko mbali.

*"Paka wangu ana homa. Nimpe Panadol nusu?" — Shela*

Hapana. Hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, na hufa. Ikiwa umekwisha mpa, kimbia kwa daktari sasa hivi, usingoje atapike.

*"Jirani yangu Mwitaliano amerudi kwao moja kwa moja. Kaniachia mbwa jike wa miaka sita na karatasi za Kitaliano. Aliniambia ana chipu, kwa hivyo hawezi kupotea. Ni kweli? Na mbwa ashinda langoni, chakula aonja tu." — Mlinzi, Malindi*

Kaka, chipu haimzuii mbwa kupotea hata kidogo. Ni kidude mfano wa punje ya mchele, hutiwa kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega. Hakina betri, na hakijui kama mbwa yuko Malindi au Mambrui. Kinalala tu mpaka mtu aje na skana, ndipo kitoe nambari ya tarakimu 15, basi. Nambari ikianza na 380, hiyo ni ya Italia. Sasa fikiri: mbwa kapatikana, kapitishwa skana, nambari ikafuatwa mpaka kwenye daftari la huko, ikatoa simu ya bwana aliyekwisha kuondoka. Utafaidika nini?

Kwa hivyo mwambie akuandikie barua fupi ya kukukabidhi, na huko kwao abadilishe maandishi. Wewe mpeleke mbwa kwa daktari mwenye skana, mlinganishe nambari na karatasi, na mwambie apitishe hadi mabegani na mikononi, kwa kuwa chipu nyingine huhama. Kisha nambari iandikwe kwenye kadi yake mpya, pamoja na jina lako na simu yako. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Kuhusu leseni, Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi hiyo, na mbwa wametajwa humo waziwazi. Wengi hucheka nikiwaambia kwamba mbwa wamo ndani ya Katiba. Wewe uko Kilifi, nenda ofisi ya kaunti yako. Siku ukihamia huku Lamu, umevuka kaunti, uulize upya.

Hapo langoni anangoja. Usimkumbatie kwa kumwonea huruma. Mpe chakula saa zilezile, bakuli lilelile, mtembeze njia ileile aliyoizoea, mpaka siku zianze kufanana tena. Na usimsome kwa mkia peke yake. Mkia uliokakamaa juu ukitikisika si furaha. Mbwa akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo bila chakula, akageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anasema niacheni. Watoto wa mtaa waambiwe hayo kabla hawajafundishwa kwa meno. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa ana kadi. Mbwa mwenyewe asiuawe. Afungwe, achunguzwe siku 10. Kichaa hiki kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kinachofuata ni kaburi.

Na wakikuambia mbwa ni najisi, kamuulize sheikh wako. Mimi ni mtu wa sindano. Ila sijamsikia sheikh aliyesema mbwa wa ulinzi anyimwe maji.

*"Shikamoo mzee. Nilikuwa na punda wawili, nabeba mchanga na mawe. Mmoja kafa kwa tumbo Jumatatu, tukamwondoa usiku uleule. Aliyebaki, siku ya pili hii, kasimama pale alipolala mwenzake. Hatembei, nyasi hagusi. Wenzangu wasema ni ukaidi, nimtie fimbo." — Kijana wa punda, Langoni*

Marahaba mwanangu. Wewe nilikujibu kwa simu siku ileile, kwa kuwa punda asiyekula hawezi kungoja gazeti lichapwe. Haya nawaandikia wengine.

Punda akiacha kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, mengi kuliko ini linavyomudu. Siku chache tu, ini na figo zinashindwa, na aliyenona huumia mbele ya aliyekonda. Kwa hivyo daktari kwanza, maneno baadaye. Hapa tuna bahati: The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, walifungua kliniki mjini mwaka 1987, na hawatozi.

Sasa huo ukaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Punda asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, na akiogopa husimama, apime kwanza. Sisi tukamwita mkaidi. Tena punda wawili waliozoeana huwa kama pacha, hula pamoja, hukunana shingo kwa meno. Wa kwako alilala na mwenzake, akaamka peke yake. Mwenzake akifa, mwache anuse, asimame naye saa kadhaa mpaka aondoke mwenyewe, ndipo mwondoe maiti. Watakaocheka na wacheke.

Mimi nami nilimtia punda fimbo. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, punda ni wa marehemu baba, kasimama katikati ya uchochoro na mifuko miwili ya saruji, kilo 100, na hata mmoja ulimtosha. Nilimpiga mpaka mkono wangu ndio ukauma. Mzee aliyekuwa kibarazani akashuka, hakusema neno, akafungua kamba, akashusha mifuko, akainua soji, lile tandiko la mizigo. Chini yake palikuwa na kidonda kipana kama kiganja changu. Punda halii. Huko porini alikotoka, anayeonyesha maumivu ndiye anayeliwa, basi hujikaza. Utamjua kwa mambo madogo: masikio yamelegea pembeni, anajitenga na wenzake, anatafuna polepole kama aliyesahau. "Punda afe mzigo ufike" sijaitamka tangu siku hiyo.

Na yule aliyekufa kwa tumbo alikuwa akilala wapi? Uliniambia jioni ulimwachia akajitafutie. Akajitafutia jaani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, lakini nenda jaani ukaangalie kama plastiki imekwisha. Punda hawezi kutapika. Akimeza kamba ya nailoni au kipande cha gunia, hakirudi. Mkatie majani umfunge nyumbani. Ukimwachia, kuwe na mtu anayejua ni wa nani, ili akilala ubavu mchana upigiwe simu wewe.

Nilimwambia kijana atafute mwenzi haraka, punda mwingine ikiwezekana, akikosa, mnyama yeyote mpole. Jana kanitumia picha. Punda kainamisha kichwa ndani ya ndoo ya pumba, na kando yake mbuzi mweupe, pua ndani ya ndoo ileile. Mbuzi huyo ni wa nani, sikumuuliza.