Hekima wa Mithali ni nani? Mtazameni kwanza jirani yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama Hekima anayezungumza katika Mithali sura ya 8 ni Kristo, ni Roho Mtakatifu, au ni ushairi mtupu. Jibu langu ni kwamba ni ushairi kwanza, na Kristo baadaye. Mkiugeuza mpangilio huo, mtaingia katika ugomvi ambao kanisa liliwahi kuingia, nao ulichukua miaka mingi kutulia.

Anayeisoma sura ya 8 peke yake hawezi kulaumiwa akidhani amekutana na mtu wa mbinguni. Hekima anasema alikuwapo kabla ya vilindi na kabla ya milima, na kwamba Mungu alipozithibitisha mbingu yeye alikuwa pamoja naye "kama stadi wa kazi". Lakini asiishie hapo, afungue sura inayofuata. Hekima amejenga nyumba yenye nguzo saba, amechinja, amechanganya divai, amewatuma wajakazi wake wakawaite watu. Aya chache mbele anatokea jirani yake, mwanamke mpumbavu mwenye kelele, ameketi mlangoni pa nyumba yake. Naye pia anaita, tena wapita njia walewale, na karibu kwa maneno yaleyale: kila aliye mjinga na aingie humu. Wageni wake, lakini, wamo katika vilindi vya kuzimu. Sijawahi kumsikia mhubiri akiuliza Upumbavu ni nafsi ya ngapi huko juu. Sote tunaelewa kwamba mwandishi anamwonyesha kijana milango miwili. Basi tumpe Hekima haki hiyohiyo. Sura ya 3 ilikwisha kusema wazi kwamba Bwana aliiweka misingi ya nchi kwa hekima. Sura ya 8 imeipa kauli hiyo mdomo wa kusemea.

Ila ushairi huu haukukaa mahali pamoja, na hapo ndipo utamu ulipo. Mwanzoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, Yoshua bin Sira, katika kitabu chenye jina lake, anamwonyesha Hekima akitoka kinywani mwake Aliye Juu, akizunguka duniani akitafuta pa kupumzika, mpaka anaamriwa apige hema yake katika Yakobo. Kisha Sira anatamka bila kusita kwamba haya yote ndiyo kitabu cha agano, Torati ya Musa. Kitabu cha Hekima ya Sulemani, sura ya 7, kinamwita mng'ao wa nuru ya milele na kioo kisicho na doa. Najua ndugu wengi Biblia zao hazina vitabu hivi viwili. Wavisome hata hivyo, maana bila hivyo Agano Jipya linaonekana kama limeruka ukuta.

Waandishi wa Agano Jipya waliyajua maneno haya. Waebrania inapomwita Mwana mng'ao wa utukufu wa Mungu, na Wakolosai inaposema vitu vyote viliumbwa kwa yeye, mavazi ya Hekima yamepata wa kuyavaa. Yohana anasema Neno alikaa kwetu, na aliyemsoma Sira anaikumbuka ile hema katika Yakobo. Lakini mimi hunivuta zaidi Mathayo. Katika Luka 11:49 Yesu anasema hekima ya Mungu ilisema itawatuma manabii na mitume, na baadhi yao watauawa. Katika Mathayo 23:34 maneno hayo karibu yote yapo, ila msemaji amebadilika: "mimi natuma kwenu manabii". Vilevile Sira, sura ya 51, anawaita wasiofundishwa waweke shingo zao chini ya nira ya hekima. Yesu wa Mathayo 11 anawaita wenye kulemewa na mizigo wajitie nira yake mwenyewe. Hakutoa hotuba kwamba yeye ndiye Hekima. Aliita tu, kwa sauti ambayo wasikilizaji wake walikwisha kuisikia.

Ugomvi niliousema ulikuja katika karne ya 4. Ario, padri wa Aleksandria, alishikilia Mithali 8:22, ambapo Biblia ya Kiyunani iliyosomwa makanisani ilimfanya Hekima aseme kwamba Bwana alimuumba. Kama Hekima ni Mwana, na Hekima ameumbwa, basi Mwana ni kiumbe. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulijibu kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa, na Athanasio, askofu wa Aleksandria, baadaye alifafanua kwamba aya ile inahusu ubinadamu alioutwaa. Kuhusu Mwana, nipo na Athanasio moja kwa moja. Kuhusu aya yenyewe, ananishinda kumfuata. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba Mwana ndiye anayezungumza pale, zikaisoma tenzi kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Wanaojibu kwamba Hekima ni Roho Mtakatifu nao wana wazee wao: Theofilo wa Antiokia na Ireneo wa Lyon, katika karne ya 2, walisema hivyo. Jibu hilo halikupata wafuasi wengi, na nadhani sababu ni Paulo.

Paulo ndiye aliyeandika waziwazi kwamba Kristo ni "nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu" (1 Wakorintho 1:24). Watu hunukuu aya hiyo na kuiacha iliyotangulia, inayomtaja Kristo aliyesulibiwa. Kwa hiyo anayesema Hekima wa Mithali ni Kristo neno kwa neno, ningependa anieleze sura ya 1, ambapo Hekima aliyekataliwa anaahidi kucheka siku ya msiba wa waliomkataa, na watakapomwita hataitika. Yesu, alipoukaribia mji uliomkataa, aliulilia. Na katika sura ya 8 Hekima anajisifu kwamba wafalme hutawala kwa msaada wake, na kwamba utajiri na heshima viko kwake. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hekima ya Mungu ilifichwa, na kwamba wenye kutawala dunia hii hawakuijua, kwa maana kama wangaliijua, wasingalimsulibisha Bwana wa utukufu.

Msomaji wenu