Laki na nusu kwenye Bitcoin: itashika thamani mpaka Januari?

Nafupisha swali la mleta mada kwa waliochelewa kufika: ana laki na nusu aliyoidunduliza, shemeji yake kamshauri anunue Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwa sababu "shilingi inaoza", na anataka kujua kama kiasi kidogo namna hiyo kitashika thamani mpaka Januari, binti yake anapoingia kidato cha kwanza. Waliotangulia kujibu wamegawanyika, wengine "nunua mkuu, usisikilize waoga", wengine "utapeli mtupu". Mimi nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu huku Mbagala, na nina kasarafu kangu tangu 2021. Nitasema nilichokiona.

Hesabu kwanza. Katikati ya 2021 nilinunua Bitcoin ya laki moja. Dola ilikuwa shilingi 2,300 na kitu, Bitcoin nzima inacheza kwenye dola 34,000 hivi. Ukitoa makato na cha juu cha muuzaji, nikabaki na 0.0012. Kwa wageni wa mambo haya: Bitcoin moja hugawanyika vipande milioni mia, kila kipande huitwa satoshi, kwa hiyo hakuna anayelazimika kununua nzima. Mimi nina satoshi 120,000, na sijaziongeza wala kuzipunguza.

Novemba 2021 Bitcoin ilipofika dola 69,000, satoshi hizo zilikuwa na thamani ya shilingi 190,000 hivi. Mwaka mmoja mbele, Novemba 2022, bei imelala kwenye dola 16,000 na mimi nina shilingi 45,000. Machi 2024 bei ikapita 73,000, nikawa na laki mbili na ishirini. Desemba mwaka huohuo Bitcoin ikavuka dola laki moja, nikawa na karibu laki tatu. Oktoba 2025 ikagusa dola 126,000, hapo ni kama laki tatu na sabini. Mwezi uliofuata ikaporomoka mpaka chini ya 90,000. Satoshi ni zilezile.

Zilishika thamani? Ukiniuliza leo nitakujibu ndiyo, tena vizuri. Mwisho wa 2022 ningekujibu huku naangalia pembeni. Na hapo ndipo tatizo la mleta mada lilipo, maana hela yake ina tarehe. Ada ya shule ya serikali imefutwa sawa, lakini sare, madaftari, viatu, na kama ni bweni basi godoro, ndoo na sanduku, hakuna duka litakalokuambia lete bei ikipanda. Ukiangalia historia ya Bitcoin, karibu dola 20,000 Desemba 2017 halafu 3,200 mwaka mmoja baadaye, kisha ile ya 2021 na 2022, aliyeokoka ni yule ambaye hakulazimika kuuza ikiwa chini. Mwenye mtoto wa Januari atalazimika.

Kuhusu shilingi kuoza, shemeji kachukua hoja ya nchi nyingine akaileta kwetu. Mtu wa Zimbabwe au Venezuela akisema hela ya nyumbani imeoza namwelewa, kwao bei zilikuwa zinabadilika kati ya asubuhi na jioni. Kwetu mfumuko wa bei miaka hii umekuwa kwenye asilimia 3 mpaka 4 na kidogo kwa mwaka. Inauma, ila huwezi kuifananisha na kupoteza zaidi ya nusu ya hela yako ndani ya miezi kumi na miwili.

Kuna waliomshauri humu aweke USDT badala yake, ile sarafu ya mtandaoni ambayo bei yake inafungwa kwenye dola moja. Sawa, haiyumbi kwa dola, lakini yeye atanunua sare kwa shilingi. Mwaka 2024 dola hapa ilipita 2,700, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya 2,500. Jirani zetu Kenya walionja zaidi: Januari 2024 dola ilikuwa kwenye shilingi 160 zao, katikati ya mwaka imeshuka mpaka 130. Aliyekimbilia USDT ile Januari alipoteza karibu moja ya tano bila Bitcoin kuhusika kabisa.

Sasa jambo ambalo wenye mtaji mkubwa hawaligusi kwa sababu haliwaumi. Kiasi kidogo huliwa mlangoni. Sisi wengi hununua kwa P2P, yaani unamtumia muuzaji hela kwa simu, soko la mtandaoni linazishikilia sarafu zake mpaka athibitishe amepokea, ndipo zinaachiwa kwako. Muuzaji hafanyi kwa sadaka. Chukulia dola benki ni 2,500 na yeye anakuuzia kwa 2,600: asilimia 4 imekwenda hata hujaanza. Ongeza makato ya kutuma. Siku ya kuuza, mnunuzi naye atataka chini ya bei ya benki, kisha ukija kwa mtu kama mimi kutoa, kuna makato ya kutolea. Kwa kwenda na kurudi, bei inabidi ipande asilimia 8 au 10 ndipo urudi pale ulipoanzia.

Halafu kuna ada ya mtandao wa Bitcoin wenyewe ukihamisha kwenda pochi yako, yaani programu ya kujitunzia sarafu mwenyewe bila soko. Ada hii haiangalii unahamisha shilingi ngapi. Inaangalia muamala wako unachukua nafasi kiasi gani kwenye bloku, yaani fungu la miamala inayothibitishwa kwa pamoja, na foleni ni ndefu kiasi gani. Tarehe 20 Aprili 2024, siku ambayo malipo ya wachimbaji, wale wanaothibitisha miamala kwa kompyuta zao, yalipungua nusu kutoka Bitcoin 6.25 mpaka 3.125 kwa bloku, foleni ilifurika mpaka ada ya wastani ikapita dola 100 kwa muamala mmoja. Pochi yangu siku hiyo ilikuwa na dola sabini na kitu. Aliye na milioni hamsini alilipa na kuendelea na maisha, mimi hela yangu nzima isingetosha nauli ya kuitoa. Baada ya siku chache ada zikashuka, ila fikiria ingekuwa ndiyo siku ya kununua godoro.

Kama utaona bora uiache palepale sokoni ili kukwepa ada, ujue unamkabidhi mtu mwingine. FTX ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa duniani, ikafilisika tarehe 11 Novemba 2022, na bosi wake Sam Bankman-Fried akafungwa miaka 25. Wateja walipokuja kulipwa, madai yao yalihesabiwa kwa bei ya ile Novemba, wakati Bitcoin iko chini kabisa. Kupanda kote kwa baadaye hakukuwa kwao. Pochi yako mwenyewe ina taabu yake: maneno 12 au 24 ya siri, ukiyapoteza hakuna huduma kwa wateja ya kupigia.

Na matapeli. Kijana mmoja alikuja kibandani kutoa 480,000, amemuuzia mtu USDT. Ananionyesha ujumbe, "Umepokea", jina, kiasi, salio jipya, kila kitu kimekaa mahali pake. Nikamwambia angalia juu, umetoka wapi. Ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, haukuingia pamoja na jumbe nyingine za mtandao wa simu. Tukapiga menyu kuangalia salio: 3,200. Sarafu alikuwa ameshaziachia akiwa njiani. Kwa hiyo usiachie kitu kwa kusoma ujumbe, angalia salio, na jina la aliyetuma lifanane na jina lililoko sokoni. Likiwa tofauti, kataa, kwa sababu hela inaweza kuwa ya mtu mwingine aliyelizwa, kesho akalalamika, muamala ukarudishwa au laini yako ikafungiwa.

Ukilizwa, pa kwenda ni pachache. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini. Juni 2021 Rais Samia aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kwa hiyo kodi imeshatangulia, dirisha la kupeleka malalamiko bado sijaliona.

Yote hayo nimesema kwa Bitcoin, ambayo angalau idadi yake haitapita milioni 21 na imeshaanguka na kuinuka mara kadhaa. Sarafu nyingine ni habari tofauti kabisa. LUNA mwanzoni mwa Mei 2022 ilikuwa juu ya dola 80, ndani ya wiki mbili ikawa haifiki hata senti moja. Pi, ambayo nusu ya vijana wa mtaani kwangu walikuwa wanaibonyeza kwenye simu kila siku, ilikaribia dola 3 Februari 2025 na haikumaliza robo ile bila kushuka chini ya dola moja. Shemeji akibadilisha wimbo akaleta jina jipya, mwache alitangulie yeye.

Jibu langu kwa mleta mada: hiyo laki na nusu ya Januari usiiguse. Ipeleke Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au hata akaunti ya akiba, sehemu ambayo ukiihitaji unaipata kwa siku chache. Ungenipa laki ambayo huna haja nayo kwa miaka minne, tungeongea lugha nyingine. Hata hapo ningekukumbusha kwamba laki hiyohiyo ikipata, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka kwenye mfuko kama huo, kwa miaka hiyo minne inafika 157,000 bila kukukosesha usingizi. Ila kama unachotaka ni kujifunza, tenga elfu ishirini nje ya hiyo. Nunua, kaa nayo wiki, kisha uza na utoe mpaka ushike noti mkononi. Ukimaliza, rudi kwenye uzi huu utuambie zimebaki shilingi ngapi na umepitia soko gani, maana makato yanabadilika na mimi yangu ni ya mwezi uliopita.